Daftari la Bluu Lililowekwa Kizuizini Kaisho

Wenzangu wa darasa la jioni,

Mmeniuliza habari za Kaisho mmoja mmoja, na kila mmoja nimemsimulia tofauti kidogo kulingana na alichoninunulia. Sasa maneno yamegongana huko mitaani. Wapo wanaosema nilifungwa mwezi mzima, wapo wanaosema nilipewa cheo. Naandika ili tuwe na habari moja. Nimechelewa kwa sababu habari yenyewe ilikuwa haijaisha. Iliisha juzi, kwa neno moja, nanyi mtalikuta mwishoni. Asiruke mtu.

Mnamjua dada yangu Adelina wa Kibingo, mtoto wa mama mkubwa. Mambo ya binamu tuwaachie watu wa mjini. Ana watoto wanne, shamba la migomba na kahawa, na ubishi wa fahali. Mtihani wa kidato cha sita alikuwa ameufanya mara mbili kwa kujitegemea, na mara zote mbili Historia ilimwangusha. Ndani ya Historia, kilichomwangusha ni kitu kile kile: makoloni ya Amerika yalivyomwasi mfalme wa Uingereza. Chuo cha ualimu kilimwambia wazi kwamba kinachokosekana ni hapo tu. Safari hii alinitumia salamu: "Kaka, hii ni ya tatu na ni ya mwisho. Lazima nipite. Nisipopita, vitabu vyote nachemshia ndizi."

Mada hiyo, bila kujisifu, ni shamba langu. Mnakumbuka mwalimu alisoma insha yangu mbele ya darasa zima. Ni kweli mimi ndiye niliyekuwa nimekaa chini ya taa na ya kwangu ndiyo iliyosomeka, lakini alisoma. Yote niliyaandika kwenye daftari la bluu: mgambo wa vijijini, majasusi, ishara zao za siri. Niliandika kwa Kiswahili, maana Kiingereza ni cha kujibia mtihani, Kiswahili ndicho cha kuelewea. Kulipiga picha na kulituma hakukuwezekana. Simu yangu ni kitochi. Inapiga, inamulika, basi. Mtihani ulikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Nikaondoka na daftari Jumamosi alfajiri.

Kituntu hadi Kayanga: koti lapatikana, simu yasahaulika

Asubuhi za Kituntu mnazijua, ukungu mzito hadi ng'ombe anamtafuta ndama wake kwa kuita jina. Nikavaa koti la mtumba, zito, jekundu kama jogoo wa Krismasi. Muuzaji aliniambia lilivaliwa na mpiga tarumbeta wa ng'ambo. Kwenye mgongo wa bodaboda nilionekana, wanasema, kutoka kilima cha pili.

Tulipofika Kayanga nikapapasa mfukoni nimpigie Adelina kwamba nimeshaanza. Mfuko mtupu. Simu ilikuwa Kituntu dukani, imechomekwa inachajiwa, imetulia kama mtoto aliyeshiba. Namba ya Adelina ilikuwa ndani yake. Nikajiambia: Evodius, wale waasi wa Amerika walimshinda mfalme bila simu. Songa mbele.

Msilolijua, na mimi nilikuwa silijui, ni kwamba wakati huo Adelina alikuwa ananipigia. Alipokea mwenye duka, akamweleza: ameondoka, kavaa koti jekundu, ana daftari la bluu, unene wake unaujua. Adelina akaanza kupanga mambo.

Omurushaka: chapati za Bwana Athumani

Omurushaka nilishuka kutafuta gari la kuelekea Kaisho, maana Kibingo iko upande huo. Sijanyoosha hata mguu, nikasikia: "Bwana wee! Mwenye koti! Njoo hapa!"

Alikuwa mwenye duka la jumla, mzee wa kanzu na kofia safi. Jina lake Athumani. Babu yake alitoka Pangani na biashara ya chumvi, akaonja ndizi za huku, akasahau njia ya kurudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa. Utakula chapati ngapi?"

"Nina haraka, mzee."

"Sikukuuliza haraka. Nimekuuliza chapati."

Nikala nne na maharage, na chai ya tangawizi. Alipokataa malipo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: sifa zangu za kitaaluma zimenitangulia. Kwa hiyo nikamfungulia daftari na kumpa somo la shukrani. Nikamweleza jinsi wakulima wa kule Amerika walivyojifunza kushika bunduki jioni baada ya kazi, wakawa mgambo wa kijiji. Jeshi la mfalme, lenye makoti mekundu, likipita, habari ilikuwa inalitangulia. Siku moja lilitoka kwa siri kubwa kwenda kunyang'anya baruti kijijini, likakuta bonde zima limeamka linalisubiri.

Bwana Athumani akafuta miwani. "Neno mgambo umelitumia vizuri, ila hulijui. Unajua mgambo ni nini?"

"Ni askari wa akiba, mzee."

"Hao wamelirithi tu. Kwa wazee wetu mgambo ni mbiu. Baragumu linapigwa, watu wanatoka. La mgambo likilia lina jambo. Anayeitwa si askari, anayeitwa ni jirani. Liandike hilo."

Nikaliandika pembeni ya ukurasa. Halafu akanipandisha kwenye fuso la ndizi lililokuwa linarudi na katoni chache za sabuni, dereva wake anaitwa Justus. Kiti cha mbele kilikuwa na mbuzi wa mtu mwenye heshima zake, basi mimi nikakaa nyuma, juu ya rundo la magunia matupu ya kahawa. Tulipoondoka nilimwona Bwana Athumani ameweka simu sikioni. Nikampungia mkono. Nikadhani anawasimulia wanawe juu yangu.

Nkwenda: sahani ya pili

Nkwenda fuso lilisimama kupakua sabuni. Mwanamke mwenye kilemba cha njano akaja moja kwa moja kwenye bodi la gari, akanitazama kuanzia kola hadi kiatu.

"Ni wewe," akasema. "Shuka, waitu, ndugu yetu."

Huyo ndiye Mama Koku, mwenye mgahawa wa mabati mawili. Ndizi zilikuwa tayari zimeiva, zimechanganywa na maharage, mvuke unapanda. Pembeni bakuli la maziwa ya mgando.

"Mama, nimetoka kula sasa hivi Omurushaka."

"Kwani Omurushaka ndiyo Nkwenda?"

Hoja za namna hiyo darasa la jioni halikutufundisha. Nikala. Justus akapiga honi mara kumi na mbili. Mama Koku akatoka nje akamwambia dereva akipiga ya kumi na tatu atamnyang'anya mbuzi. Kimya.

Nilimuuliza amenijuaje. Akacheka. "Nani asiyekujua leo?"

Ndugu zangu, nilipanda tena gari hilo nikiwa mtu mwingine. Nilikuwa nimeamini. Nilianza kupanga hotuba. Na nilikuwa nimeshiba kiasi kwamba kila shimo la barabara lilikuwa linanikumbusha sahani moja moja.

Isingiro: punje saba

Isingiro hatukusimama kwa heri. Gurudumu la nyuma lilipasuka kwa mshindo, mbuzi akaruka kutoka kiti cha mbele akaingia kwenye maharage ya mtu. Saa nzima ikaenda: nusu gurudumu, nusu mbuzi.

Bibi mmoja aliyekuwa anaanika kahawa kwenye jamvi mbele ya nyumba yake akanisogelea. Alikuwa na simu ndogo ameifunga kwenye ncha ya khanga.

"Mnene, mwekundu," akasema, kama mtu anayesoma orodha. "Daftari unalo?"

"Ninalo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi sijapika, niko kwenye kahawa tangu asubuhi. Chukua hizi." Akanipa kipande cha jani la mgomba, ndani yake kahawa kavu za kutafuna, akamwani, zile anazopewa mgeni yeyote anayeheshimika. Nikatafuna chache kwa adabu, zilizobaki punje saba nikaziweka mfuko wa koti.

Bibi akafungua ncha ya khanga, akaanza kupiga simu. Alikuwa anapiga kelele kama mtu anayevusha ng'ombe, huku akizunguka jamvi kutafuta mtandao. Fuso likawaka, tukaondoka.

Geti la Kaisho: kibali

Karibu na Kaisho kuna geti la kijiji: mti mmoja mrefu umelazwa juu ya magogo mawili. Msimu wa kahawa mgambo hukaa hapo kwa ajili ya magendo, maana kahawa ya huku ina tabia ya kupenda kutembea nje ya nchi bila kuaga. Tulifika saa nane mchana.

Mgambo walikuwa wawili. Kamanda Novatus, mkulima wa makamo, juu kavaa sare iliyopauka, chini mabuti ya shambani. Na Jovitha, dada wa miaka ishirini na kitu, mwenye kalamu na kitabu cha matukio. Kamanda alitazama gari, akanitazama mimi, akamgeukia Jovitha.

"Mnene?"

"Mnene," akasema Jovitha.

"Koti?"

"Jekundu."

"Shuka, bwana."

Nikashuka nikitabasamu. Nilikuwa nimenyoosha mikono kunawa.

"Kibali kiko wapi?" akauliza Kamanda.

"Kibali cha nini, Kamanda?"

"Ndicho tunachokuuliza wewe."

Wakamgeukia Justus. Unamjua mtu huyu? "Hapana, nimempa lifti tu." Mmetoka naye wapi? "Simjui kabisa." Amekaa juu ya magunia yako? "Magunia nayajua, yeye simjui." Alinikana mara tatu, na jogoo hakuwika kwa sababu tu ilikuwa mchana. Akaondoka na mbuzi wake. Mbuzi angalau aligeuka kunitazama.

Wakapekua mfuko. Punje saba zikawekwa juu ya meza.

"Kahawa," akasema Kamanda.

"Ni za kutafuna! Nimepewa na bibi!"

"Sampuli," akasema Jovitha, akaandika.

"Simu yako?"

"Iko Kituntu, inachajiwa."

"Mtu mzima, safarini, hana simu," akasema Kamanda polepole, kama anayeonja mchuzi. "Unakwenda kwa nani?"

"Kwa dada yangu Adelina, Kibingo."

"Adelina yupi? Kibingo ina akina Adelina kama ina migomba."

Ndipo Jovitha akafungua daftari. Ninawaomba mjiweke mahali pangu. Ninyi mmeyasoma maandishi yale chini ya taa ya darasa, mkijua mwalimu yuko mbele. Hebu yasikieni yakisomwa getini, kilomita chache kutoka mpakani, msimu wa magendo.

"'Mfalme yuko mbali, kodi yake iko karibu,'" akasoma Jovitha.

"Endelea," akasema Kamanda.

"'Chai yote ilitupwa baharini.'"

"Chai! Kumbe ni mazao yote?"

"'Taa moja juu ya kanisa, wanapita nchi kavu. Taa mbili, wanavuka maji.'"

Kamanda akasimama. Upande ule, ndugu zangu, maji maana yake ni Mto Kagera, na kuvuka maana yake inajulikana. "Kanisa lipi? La Wakatoliki au letu Walutheri?"

"La Amerika, Kamanda!"

"Jovitha, kanisa letu lina taa ngapi?"

"Ilikuwa moja. Mwezi jana wameongeza ya sola. Mbili."

"Mbili," akasema Kamanda, akaketi kwa uzito.

Nikaanza kujitetea kwa kasi. Hii ni historia, ni ya zamani, wahusika wote wamekufa. Jovitha hakunisikia, alikuwa ameshafika ukurasa wa majasusi. "'Mwanamke akianika gaguro jeusi kwenye kamba, jasusi amefika. Idadi ya leso pembeni yake inaonyesha amejificha ghuba gani.' Gaguro ndiyo nini?"

"Sketi ya ndani," nikajibu kwa sauti ndogo.

Sote watatu tukageuka. Nyuma ya geti kulikuwa na nyumba, mbele ya nyumba kamba. Kwenye kamba, sketi ya ndani nyeusi. Na leso tatu.

"Nyumba ya nani ile?" nikauliza, Mungu anisamehe.

"Yangu," akasema Kamanda.

Akamwita mkewe aanue nguo mara moja. Mama wa watu akatoka mlangoni, akapapasa sketi kwa vidole, akasema, "Hazijakauka," akarudi ndani. Hilo ndilo agizo la kijeshi lililokataliwa kwa ufupi kuliko yote niliyoyashuhudia.

Jovitha akaleta pigo la mwisho. "'Makoti mekundu yakionekana barabarani, piga kengele, kila mtu atoke na alichonacho.'" Akaniangalia kuanzia kola. "Kaka, na wewe umevaa nini?"

Nikavua koti. Nilikuwa nimechelewa.

Kamanda akatoa uamuzi. Daftari limeingizwa kwenye kitabu cha matukio: moja, la bluu, la uasi. Kilichoingizwa humo hakitoki mpaka mtendaji wa kijiji atie sahihi, na mtendaji amekwenda harusini Bukoba, atarudi Jumatatu mchana.

"Mtihani ni Jumatatu asubuhi!" nikalia. Hapo kicheko kiliniisha kweli, wenzangu. Nilimwona Adelina anakunja vitabu na kuvisukuma chini ya sufuria. "Nizuie mimi, Kamanda. Nifunge kwenye mti huo. Daftari liende Kibingo."

"Haiwezekani," akasema, na sauti yake haikuwa ya ubaya. "Mshtakiwa ni daftari. Wewe ni shahidi tu."

Getini bado: Adelina anafika

Hatukuhitaji kumtafuta Adelina. Habari kwamba jasusi mwekundu amekamatwa ilifika Kibingo kabla sijamaliza kulia. Saa kumi hivi akaja kwa bodaboda, sufuria ya ndizi na nyama mapajani, amefunga kitambaa cha kichwa kama mtu anayekwenda kuzima moto.

"Nani amemzuia kaka yangu?"

"Tulipigiwa simu," akasema Kamanda.

"Na nani?"

"Bibi wa Isingiro."

Adelina akachukua simu ya Kamanda, akampigia bibi, akaweka sauti ya nje, sote tukasikia.

"Bibi, uliwaambia nini mgambo wa Kaisho?"

"Nilichoambiwa na Mama Koku! Nikasema, anakuja mtu mnene, koti jekundu, daftari la bluu, mzuieni, asipite bila... halafu mtandao ukakata. Nikasema basi, wameshaelewa."

Adelina akamtazama Kamanda. "Asipite bila nini?"

Kamanda akamtazama Jovitha. Jovitha akatazama kitabu chake. "Imeandikwa: asipite bila. Tukakaa tukafikiria. Bila nini? Hapa getini mtu hapiti bila kibali. Basi tukajazia kibali."

"Bila *kula*!" Adelina akapiga kelele hadi bodaboda ikazimika yenyewe. "Nilimwambia Bwana Athumani, kaka yangu ametoka mbali, asipite bila kula, na umwambie na wa mbele yako! Bila kula!"

Nilihisi chapati nne, ndizi, maziwa na kiburi changu chote vikishuka kwa pamoja. Hotuba niliyoiandaa nikaizika hapo hapo. Halafu mke wa Kamanda akaanza kucheka huko ndani, kicheko kile kisichoisha cha mtu aliyeishi na mwanamgambo miaka ishirini.

Kamanda alikuwa mwungwana. Aliniomba radhi, akanirudishia punje saba kwa kuzihesabu. Lakini daftari? Daftari limeshaandikwa. Angefuta mstari kwenye kitabu cha matukio, kesho yeyote angefuta wowote. Adelina akabisha kwa Kiswahili, akabisha kwa Kinyambo, akabisha kwa kukaa kimya. Kamanda hakutikisika. Mwishowe akakuna kidevu.

"Lisitoke getini. Hilo ndilo agizo. Lakini sijaona mahali palipoandikwa kwamba lisisomwe."

Getini hadi Kibingo: darasa la mti mmoja

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi ile mpaka jua linazama, na Jumapili nzima baada ya misa na ibada, Jovitha alisoma daftari kwa sauti kama ushahidi, mimi nikawa naeleza kama shahidi, Adelina akawa anaandika. Usiku tulilala kwake Kibingo, daftari likalala getini. Jumapili mchana tulikuwa watu kumi na saba, bila kuhesabu waliosimama kwenye baiskeli wakijifanya wanapita. Nikisema mia mbili mtanikatalia.

Kamanda aliuliza maswali ambayo mwalimu wetu hakuwahi kuuliza.

"Hao mgambo wa Amerika wakiwa vitani, maharage yao alipalilia nani?"

"Imeandikwa hapa," nikasema kwa fahari. "Wengi walikuwa wanarudi nyumbani msimu wa mavuno. Majenerali walilalamika sana."

"Walilalamika!" Akapiga paja. "Basi hao walikuwa mgambo kweli. Na hao majenerali hawakuwa na mashamba?"

"Walikuwa nayo. Mkuu wao alikuwa na shamba kubwa sana."

"Alilima nani yeye akiwa vitani?"

Nikafungua mdomo. Jibu nilikuwa nalo tangu darasani, ila sikuwahi kuliweka karibu na swali. "Watumwa," nikasema.

Kamanda akaokota jani kavu la mgomba akaanza kulipasua nyuzi nyuzi. Jovitha akaweka kidole kwenye mstari asipoteze mahali, akauliza, "Kwa hiyo mbiu ilipolia pale, ilikuwa inamwita nani, na nani hakuitwa?"

Nikakumbuka maneno ya Bwana Athumani niliyoyaandika pembeni: anayeitwa ni jirani. Nikayasoma. Adelina aliandika swali la Jovitha kwa herufi kubwa, akalipigia mstari mara mbili, karatasi ikachanika.

Jumatatu alfajiri aliondoka kwenda kituo cha mtihani bila daftari. Lilikuwa bado kizuizini. Mtendaji alirudi mchana, akalisoma lote amesimama, akatia sahihi, akauliza kama anaweza kubaki nalo wiki moja. Jioni Adelina akarudi, wino umemfika kwenye kiwiko. Nikamuuliza kama kuna tulilosoma lililotoka kwenye mtihani.

"La mgambo limetoka," akasema. "Nimeandika kurasa sita. Nimemweka Kamanda humo na maharage yake, ila jina sikutaja. Na swali la Jovitha nimemalizia nalo." Akavua viatu. "Sasa nisipopita, kaka, si kwa kutojua."

Kituntu: neno moja

Nilirudi nyumbani kwa njia ile ile na nililishwa kila kituo, safari hii nikijua sababu. Miezi ikapita. Kahawa ikamalizika kuvunwa. Nikawa kila nikisikia habari za matokeo ya mitihani nazima redio, naiwasha, naizima.

Juzi saa tano asubuhi nilikuwa napogoa migomba. Respicius wa bodaboda, mzee mwenzangu mwenye ndevu za padri, akasimama barabarani bila kuzima pikipiki.

"Evodius! Nimeambiwa nikuambie, amepita."

"Nani?"

"Sikuambiwa."

"Amepita wapi?"

"Nitajuaje? Nimeambiwa Kayanga na mtu aliyeambiwa Omurushaka na mzee mmoja wa kanzu, naye kaambiwa kutoka Nkwenda. Wote wanasema hivyo hivyo. Amepita. Nikawauliza amepita bila nini, amepita na nani, wakasema hakuna zaidi, ndiyo yote. Kwani simu yako iko wapi?"

Simu yangu mnajua ilipokuwa.

Panga lilinidondoka. Nilielewa pale pale. Adelina amejifunza ujasusi kuliko mimi niliyemfundisha: ametuma neno moja tu, ili njiani pasiwe na kipande cha kudondoka. Midomo mingapi sijui, kutoka Kibingo hadi shambani kwangu, na limefika zima.

Respicius alikuwa anageuza pikipiki aende zake. Nikatoka mbio kwenye migomba, nikashika usukani wake kwa mikono yote miwili.

"Hupiti," nikamwambia.

Akashtuka. "Nimefanya nini?"

"Zima pikipiki. Mke wangu! Ndizi ziko jikoni?"